Siku Moja Juu ya Meno ya Mzee

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza habari za nyumbani: watoto, mahari, deni la duka, ugomvi wa mawifi. Leo nawaomba mniruhusu nitoke nje ya ua, tena nipande juu kidogo. Jambo ninalotaka kuwasimulia ni la jamaa vilevile, ijapokuwa lilitokea ndani ya ukungu, mahali pasipo na nyumba hata moja.

Dada yangu alikuwa akikaa Jomba, upande wa Rutshuru. Tarehe 13 ya mwezi wa sita mwaka 2022, waasi wa M23 walipouteka mji wa Bunagana, alivuka mpaka pamoja na watoto wake, kama walivyovuka watu maelfu siku zile, mkeka kichwani na sufuria mkononi. Walilala kwanza Nyakabande, mahali pa kupokelea wakimbizi katika Uganda, kisha akapata chumba cha kupanga kando ya mji wa Kisoro. Mwezi wa saba mwaka 2024 nilikwenda kumtazama. Nilimkuta mzima, lakini amekonda, akiuza maharagwe sokoni kwa kipimo cha kopo. Mwana wake wa kwanza, kijana wa miaka 22, alikuwa akibeba matofali kwa watu wanaojenga.

Jioni ya siku ya pili tulikaa nje ya mlango. Mtu akiwa Kisoro huona milima mitatu imesimama kwa mstari upande wa kusini: Muhabura, ambao kilele chake kimechongoka, wenye urefu wa mita 4,127, Gahinga, ambao ni mdogo na mviringo, na upande wa magharibi Sabyinyo, mlima uliopasuka-pasuka, wenye vilele vilivyopangwa kama magego katika kinywa cha mtu wa miaka mingi. Ndiyo maana watu wa huko huliona jina lake kuwa ni la mzee mwenye meno makubwa.

Dada yangu akaniambia polepole, akitazama sufuria, “Kaka, wanasema mtu akifika kwenye jino la tatu huona kwetu.”

Sikumjibu upesi. Nilijua maana ya maneno yake, kwa kuwa alikwisha kunieleza usiku uliotangulia. Kijana wake alikuwa amesema mara mbili kwamba atavuka mpaka usiku, akaangalie shamba. Mwenzake mmoja alivuka hivyo hivyo. Hakurudi, wala habari zake hazikupatikana. Mama huyo hakuwa na nguvu za kumfunga kijana wa miaka 22. Alifikiri labda akiona kwa macho yake, moyo utatulia.

Basi, wasomaji, niseme ukweli wangu. Kupanda mlima ule si bure. Ni mbuga ya taifa, hulipiwa ada, na mimi nilikuwa na fedha kidogo nilizokusudia kununulia mabati ya jiko. Nilihesabu kichwani, nikaona jiko litakaa mwaka mwingine bila bati jipya. Bibi yangu alikwisha kunisamehe, ingawa mvua ikinyesha hunikumbusha habari hiyo pasipo kusema neno.

Tulifika Ntebeko, penye lango la mbuga ya Mgahinga, kabla ya saa moja asubuhi. Tuliandikwa katika kitabu, tukapewa kiongozi na askari mwenye bunduki. Bunduki ile si ya watu, walitueleza. Ni ya kutisha nyati na tembo kwa mlio wake. Nikachukua pia mchukuzi mmoja, mtu wa makamo, Mtwa, mfupi na mwepesi, ambaye alitazama viatu vyangu akacheka kwa adabu. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya Dominika, vyenye nyayo laini. Kijana alivaa buti za mpira alizoazima. Katika jambo hilo kijana alikuwa na akili kuliko mjomba wake, nami nililipa kosa langu mchana kutwa.

Njia huanza kwa upole. Unapita kwanza mahali palipokuwa mashamba ya watu zamani. Mawe waliyoyakusanya wakulima bado yamelala katika mafungu, na majani yameota juu yake. Mbuga ilianzishwa mwaka 1991, na wale waliokuwa wakilima ndani ya mipaka yake waliondoka. Watwa nao, waliokuwa wakiishi kwa msitu ule, wakiwinda na kurina asali, waliambiwa watoke. Mchukuzi wetu alizaliwa ndani. Alituonyesha kwa kidevu tu, bila kusimama, bonde dogo lenye mti mkubwa, akasema kwamba baba yake alikuwa na mizinga pale. Mpwa wangu aligeuza kichwa akatazama mahali pale kwa muda mrefu, hata akajikwaa.

Baadaye inakuja mianzi. Mchana hugeuka jioni ndani yake. Tuliwasikia kima wenye manyoya ya rangi ya dhahabu kabla ya kuwaona, wakivunja vichipukizi na kuvitupa. Udongo ulikuwa mweusi na utelezi, japokuwa ni kiangazi, na kiongozi alitufundisha kutembea kwa hatua fupi, mguu wote chini, pasipo kukimbilia mahali penye mteremko. “Mlima huu haupandwi kwa kifua, Mzee,” aliniambia, “hupandwa kwa pumzi.” Kila nusu saa alisimama, akatuamuru kunywa maji hata kama hatuna kiu. Nimeona watu wengi nyumbani wakijisifu kwamba wanaweza kwenda siku nzima bila maji. Juu ya mita 3,000 sifa hiyo huleta maumivu ya kichwa na kichefuchefu, na mgonjwa hubebwa na wale aliokuwa akijisifu mbele yao.

Tulipotoka katika mianzi tukaliona korongo. Ni kama mtu aliuchukua mlima kwa mikono miwili akaupasua. Upande mmoja kuta zake ni nyeusi na tupu. Upande mwingine miti imeshikilia kwa mizizi, nayo imefunikwa na ndevu za kijani zinazoning'inia na kudondosha maji. Juu ya mgongo wa mlima huu, mwaka 1902, ofisa mmoja wa Wadachi jina lake Robert von Beringe aliona nyani wakubwa weusi ambao wenye elimu wa Ulaya hawakuwajua bado. Aliwapiga risasi wawili. Aliweza kumpata mmoja tu, akampeleka Berlin. Mwaka uliofuata mtaalamu wa huko akamwandika mnyama huyo katika vitabu kwa jina la yule aliyemwua. Ndiyo gorila wa milimani, ambaye wenyeji wamemwita ngagi tangu zamani bila kuhitaji ruhusa ya Berlin. Hesabu iliyofanywa mwaka 2015 na 2016 katika milima yote ya Virunga iliwakuta 604. Sisi hatukumwona hata mmoja. Tuliona tu kinyesi na mianzi iliyovunjwa, na kiongozi akasema walipita jana.

Hapo ndipo ngazi zilipoanza. Zimetengenezwa kwa miti ya msituni, zimepigwa misumari, na kuegemezwa penye mwamba mahali ambapo mguu hauwezi kushika. Nyingine ni fupi kama ngazi ya dari. Nyingine huendelea mpaka huoni mwisho wake. Desturi ni hii: viungo vitatu vishike, kimoja ndicho kisogee, wala usishike kidato katikati, bali karibu na msumari, wala usimfuate mwenzako karibu, asije akakuangukia. Nilipanda nikitazama vidole vyangu peke yake.

Jino la kwanza tulilifikia mnamo saa nne na nusu. Kutoka pale mpaka la pili hakuna njia nyingine ila mgongo wenyewe, mwembamba, wenye mawe yaliyokaa kama vipande vya chungu. Mkono wa kushoto ni Rwanda, na chini kabisa yaonekana mashamba yaliyogawanywa kama kitambaa cha viraka. Mkono wa kulia ni Uganda na lile korongo. Mahali pengine upana wa njia haukuzidi urefu wa fimbo yangu. Upepo ulikuwa ukitoka Rwanda, ukaleta ukungu, ukungu ukapita kati ya miguu yetu ukaanguka Uganda.

Mpwa wangu alikuwa ametangulia. Tangu jino la kwanza hakupumzika tena. Alikwenda kama mtu aliyeitwa. Kiongozi alimwita mara mbili, naye hakusikia au hakutaka kusikia. Mara ya tatu yule askari, ambaye tangu asubuhi hakusema neno, alipiga filimbi. Kijana akasimama. Kiongozi alipomfikia hakumkaripia, alimwambia tu, “Sisi ni watu watano. Anayekwenda polepole kuliko wote ndiye kiongozi wa mwendo.” Nilijua ni nani huyo anayekwenda polepole, nikaona haya. Tangu hapo nikawekwa mbele, mara baada ya kiongozi, na kijana nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake ya haraka mgongoni mwangu, kama ya farasi aliyefungwa.

Wengine watauliza kama inafaa Mkristo mwenye watoto kujihatarisha juu ya mawe. Nitawajibu kwa habari ya Baba Mtakatifu Pius XI. Kabla ya kuwa Papa, alipokuwa padri wa Milano jina lake Achille Ratti, kazi yake ilikuwa katika nyumba ya vitabu, na mapumziko yake yalikuwa milimani. Mwaka 1889 alipanda Monte Rosa kwa upande wa Macugnaga, ulio mgumu sana, na giza lilipowakuta, yeye na wenzake walikesha juu ya mwamba mwembamba katika baridi ya theluji, wakizungumza ili wasisinzie. Mwaka 1923, akiwa Papa, alimweka Mtakatifu Bernardo wa Menthon awe msimamizi wa wapanda milima. Basi mlima haukatazwi. Ila padri Ratti alikuwa na kamba, na viatu vyake havikuwa vya Dominika.

Kati ya jino la pili na la tatu kichwa kilianza kuniuma, nikahesabu hatua ishirini-ishirini, nikisimama baada ya kila ishirini. Miti mikubwa ilikuwa imekwisha. Yalibaki yale majani ya ajabu ya milima mirefu, lobelia iliyosimama kama mshumaa wa Pasaka, na mimea mingine yenye shina nene na kichwa kama kabichi. Ngazi za mwisho ni za kusimama wima kabisa. Maji yalikuwa yakitiririka juu ya mwamba, yakaingia katika mikono ya koti langu mpaka kwapani. Nilifikiri, nikianguka hapa, dada yangu atapoteza kaka kwa sababu ya kutaka kumwokoa mwana. Ikawa sala yangu fupi sana siku ile, wala sikuimaliza.

Tulifika saa sita na nusu. Juu ya zaidi ya mita 3,600 kulikuwa na uwanda mdogo wa majani na matope, na weupe pande zote. Hakukuwa na Rwanda, wala Uganda, wala Kongo. Kulikuwa na ukungu tu.

Kiongozi alisema, “Saa saba tutageuka. Hata kama hamjaona.” Hiyo ndiyo sheria yao, nayo ni sheria njema, kwa kuwa ngazi hazishukwi gizani.

Mahali pale nchi tatu hukutana. Mwaka 1910 wajumbe wa Waingereza, Wadachi na Wabelgiji walikaa Brussels wakipatana juu ya mipaka ya milima hii, na kilele cha Sabyinyo kikawa pembe ya tatu zote. Hakuna hata mmoja wa watu wa Jomba, wa Kisoro au wa Ruhengeri aliyeulizwa, na tangu hapo ndugu waliokuwa wakiposana walikuwa watu wa serikali mbalimbali. Kijana aliuliza, “Kongo ni wapi?” Kiongozi akanyosha fimbo yake. Mpwa wangu akavuta hatua tatu, akasimama ndani ya nchi yake, katika matope kama yale yale. Alikuwa hajaikanyaga kwa miaka miwili na mwezi mmoja. Askari alitaka kusema neno, nikamwona akilimeza. Kijana akachutama, akaweka kiganja chini.

Tukala viazi na mayai bila kusema. Baridi iliingia mifupani. Saa saba kasorobo ukungu ulikuwa bado. Mchukuzi, ambaye alikuwa ameketi peke yake akitazama upepo kwa namna fulani, alisema katika Kinyarwanda, “Subirini kidogo.” Wala hazikupita dakika tano, weupe ukachanika upande wa magharibi, kwanza kama tundu la sindano, kisha kama mlango. Mlima Mikeno ukatokea, mweusi na mrefu kupita kiasi, peke yake angani. Kisha chini, upande wa kaskazini, vikaonekana vilima.

Nilikuwa nimefikiri tutaona nyumba. Ni upumbavu. Ni mwendo wa kilometa nyingi, na katika kiangazi vumbi na moshi hufanya nchi iwe kama kitu kilichotazamwa kupitia chandarua. Tuliona mstari wa barabara, na mng'ao wa mabati mengi pamoja ambao kiongozi alisema ni Bunagana. Zaidi ya hapo vilima juu ya vilima. Lakini kijana alizaliwa huko. Alikitambua kilima kimoja kwa bega lake, kisha cha pili, kisha akanyosha kidole na mkono ukaanza kutetemeka. “Mjomba, unaona pale penye rangi ya kijani iliyokolea? Palikuwa na maharagwe. Na pale, na pale. Wakati huu pangekuwa pameguka manjano, watu wanavuna.” Nikatazama. Vilima vya Uganda karibu nasi vilikuwa na viraka vya manjano na kahawia. Upande ule, sehemu kubwa ilikuwa kijani kimoja, kama manyoya ya mnyama.

“Hawakulima,” akasema. “Pamekuwa kichaka.”

Sikupata neno la kumpa. Yule mchukuzi alikuja akasimama karibu naye, bega kwa bega, nao wakatazama pamoja mpaka mlango ulipofungwa. Yote hayo hayakuzidi dakika saba au nane.

Kushuka ni kazi nyingine, tena mbaya kuliko ya kupanda. Kila mtu aliyebeba mzigo kutoka kilimani anajua. Katika ngazi ndefu mguu wangu ulitafuta kidato usikipate, nikaning'inia kwa mikono, na zile nyayo laini zikapiga mwamba kama samaki. Ndipo nikasikia mkono ukishika kisigino changu, ukakiweka mahali pake. “Hapa, Mjomba. Sasa wa kushoto.” Alishuka mbele yangu ngazi zote, akinipangia miguu mmoja mmoja, kama mimi nilivyompangia alipokuwa mtoto akishuka katika mwembe. Hakutangulia tena wala hakuharakisha. Magoti yangu yaliniuma siku nne.

Saa kumi na moja na nusu tulitia sahihi katika kitabu cha Ntebeko. Nilimlipa mchukuzi haki yake na kidogo juu yake. Alizitazama tena nyayo za viatu vyangu, safari hii hakucheka.

Dada yangu alikuwa amesimama njiani, mbali na nyumba, ingawa giza lilikuwa limekwisha kuingia. Hakuniuliza mimi. Alimwuliza mwanawe, “Uliona bati letu?”

“Ni mbali, Mama. Bati halionekani.”

“Na shamba?”

Akanyamaza kidogo. “Lipo. Limeota majani.”

Mama akaitika kwa kichwa, akaingia ndani kutupa maji ya moto ya kuoga miguu. Tulikula. Kijana alikula sana, jambo ambalo dada yangu alilitazama bila kulisema. Baadaye, nilipokuwa nimejinyosha juu ya mkeka na kudhani amelala, nikamsikia akiniita gizani.

“Mjomba, watu wa hapa hukodisha shamba kwa bei gani kwa msimu mmoja?”

Nikamwambia kwamba sijui, tutauliza asubuhi.

“Hata dogo,” akasema. “La maharagwe tu.”